KARATASI ZITANGULIE
Somo kwa kamati za sharika: kuwaandaa vijana kuomba mkopo wa elimu ya juu



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kila mwaka linaziumiza familia nyingi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ingawa sehemu kubwa ya maumivu hayo inaweza kuzuilika. Kati ya Julai na Novemba ofisi yetu ya miradi hutembelewa na wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita. Wengi huja na maneno yanayofanana: "Tunasubiri kwanza chuo kijibu, halafu ndipo tushughulikie mkopo." Wanaosema hivyo ni watu makini, hawapendi kupoteza nauli na fedha za kopi kabla ya kuwa na uhakika. Lakini utaratibu wa nchi yetu hauendi hivyo. Anayesubiri chuo kijibu ndipo atafute karatasi za mkopo, mara nyingi hukuta dirisha la maombi limefungwa au liko karibu kufungwa.

Tunaomba somo hili lisomwe katika kikao cha kamati ya elimu ya usharika, na lifikishwe hadi kwenye mitaa.

1. Mambo yanavyofuatana

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kazi yake ni kuwakopesha Watanzania wahitaji waliopata nafasi katika vyuo vya elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imeanza kutolewa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani zilizopewa kipaumbele kama vile afya na ualimu. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalum ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita "bumu", ilipanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Udahili ni jambo jingine, nalo linasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa chuo anachokitaka. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa kuwa ni safari mbili zinazokwenda wakati mmoja, kila moja ikiwa na tarehe zake.

Kwa kawaida mfuatano ni huu. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Matokeo hutoka Julai, na udahili wa vyuo hufunguliwa baada ya matokeo. Dirisha la mkopo linaweza kufunguliwa hata kabla ya matokeo. Mwaka 2023 lilifunguliwa Julai 15, lakini mwaka 2024 lilifunguliwa Juni 1 na tarehe ya mwisho iliyotangazwa mwanzoni ikawa Agosti 31. Kwa hiyo aliyejipanga kwa kalenda ya 2023 alijikuta mwaka uliofuata amechelewa kwa mwezi mmoja na nusu. Majina ya waliodahiliwa huanza kutoka karibu na mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu. Orodha za mikopo huanza kutoka Oktoba, kwa awamu, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba.

Ukiyaangalia vizuri utaona mambo mawili. La kwanza, maombi ya mkopo huingia kabla mtu hajajua kama amepata chuo. La pili, kijana huthibitisha chuo kabla hajajua kama amepata mkopo. Kamati inayoyaelewa mambo haya mawili itaifahamu kazi yake.

2. Karatasi zinazochelewa kwetu

Kujaza fomu kwenye mtandao ni kazi ya saa chache. Katika steshenari za Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kijana anaweza kusaidiwa kujaza, kuchapa na kuskani. Kinachochukua miezi ni viambatisho. Hivi hapa ni vinne ambavyo kwetu huchelewa zaidi.

Cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Wengi wa vijana wetu hawakusajiliwa wakati huo, hasa waliozaliwa nyumbani. Sasa wanatafuta cheti wakiwa na miaka 18 au 20. Maombi hupitia kwa msajili wa wilaya, na huhitaji vielelezo kama vile kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji wa kijiji na cheti cha ubatizo. Cheti kikishapatikana, lazima kihakikiwe na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndipo Bodi ikipokee. Uhakiki huo unaombwa kwa mtandao na haukamiliki siku hiyo hiyo. Pia tukumbuke kwamba sisi ni watu wa mpakani. Anayeishi Murongo au Kaisho huulizwa maswali mengi kuliko wa mikoa ya kati anapotafuta kitambulisho cha taifa, na mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi huwa na jibu la kutoa.

Majina. Katika mkoa wetu jina moja huandikwa kwa namna mbili au tatu. Cheti cha ubatizo kinaweza kusema Rweyemamu, cheti cha kidato cha nne kikasema Lweyemamu, na kitambulisho cha baba kikawa na jina la babu peke yake. Kwetu nyumbani huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa. Kwa mtu wa ofisi aliye mbali ni watu wawili. Jina likishachapwa kwenye cheti cha Baraza la Mitihani si rahisi kulibadilisha. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa kinafaa kipatikane kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, ili majina yalinganishwe mapema. Kama tofauti imeshatokea, familia iende kwa wakili au hakimu kuuliza kuhusu hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, na isingoje mpaka Agosti.

Cheti cha kifo cha mzazi. Bodi hupima uhitaji wa mwombaji, na uyatima ni moja ya mambo yanayotazamwa. Lakini uyatima huthibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na tunafahamu wenyewe ni makaburi mangapi yaliyomo katika vibanja vyetu ambayo hayana karatasi yoyote serikalini. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Katika siku hizo familia inakuwa katika matanga, na hakuna anayefikiria kwamba miaka 15 baadaye mtoto aliyekuwa mgongoni ataulizwa cheti. Yatima asiye na cheti cha kifo anaweza kuonekana kama kijana mwenye wazazi wawili, na kupimwa hivyo.

Uthibitisho wa ufadhili. Hili linatuhusu sisi wenyewe na ninyi wafadhili. Bodi hutazama pia aina ya shule aliyosoma mwombaji na ada iliyolipwa huko. Kijana wa familia maskini aliyesomeshwa na usharika, au na marafiki wa nje, katika shule ya kulipia huonekana kwenye karatasi kama mtoto wa mtu mwenye uwezo. Ule msaada uliomwinua unageuka kuwa kikwazo. Dawa yake ni fomu au barua ya taasisi iliyomlipia, yenye anwani na muhuri, ikieleza ililipa nini na katika miaka ipi. Bila hiyo Bodi haina njia ya kujua kwamba ada haikutoka mfukoni mwa baba yake.

Kuna mengine pia. Familia iliyo katika mpango wa TASAF iandae uthibitisho wa kaya yake. Kijana au mzazi mwenye ulemavu awe na fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mdhamini awe na kitambulisho chake na picha. Fomu yenyewe husainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji na kuthibitishwa na kamishna wa viapo. Namba ya mtihani ya kidato cha nne inayotumika kuomba mkopo iwe ile ile iliyotumika kuomba chuo, na aliyefanya mtihani huo zaidi ya mara moja ataje namba zake zote.

3. Kanisa lina nini cha kutoa hapa

Wengine watauliza kama hii si kazi ya serikali na ya wazazi. Ni kweli ni yao. Lakini kanisa lina kitu ambacho ofisi nyingi hazina, nacho ni kumbukumbu. Kitabu cha ubatizo cha usharika kina jina la mtoto, majina ya wazazi na tarehe. Kitabu cha kipaimara kinaonyesha alipokuwa akiishi katika umri wa ujana. Kumbukumbu za mazishi, pale zinapotunzwa, huonyesha nani alifariki lini na alizikwa wapi. Kumbukumbu hizi hazichukui nafasi ya cheti cha serikali, lakini mara nyingi ndizo zinazomsaidia mzazi kuanza safari ya kukipata. Kitabu kilichoachwa kikaliwa na mchwa katika chumba cha nyuma kimemnyima mtu haki yake bila yeye kujua.

Tunashauri mchungaji na mwinjilisti wafanye mambo matatu. Kwanza, vitabu vihifadhiwe katika kabati linalofungwa, na kila mwaka kurasa zipigwe picha na kutunzwa mahali pa pili. Pili, katika kila ubatizo mzazi aulizwe kama mtoto ana cheti cha kuzaliwa, na kama hana aelekezwe mahali pa kukipata. Tatu, katika kila msiba, baada ya siku za mwanzo kupita, mzee wa kanisa wa mtaa aikumbushe familia kwa upole kuhusu usajili wa kifo. Maneno hayo ni magumu kuyasema msibani, lakini ni sehemu ya kuwatunza yatima.

4. Majuma ya kusubiri

Tufikirie familia moja ya mfano. Binti amedahiliwa chuo kikuu Dodoma. Ni mwezi Septemba. Amethibitisha nafasi yake, maombi ya mkopo yamekamilika, na orodha bado haijatoka. Barua ya chuo inataja ada, tarehe ya kuripoti na mahitaji mengi. Baba yake anaishika barua hiyo usiku na mchana. Jirani mmoja anamwambia mkopo ni bahati nasibu. Mwingine ana fedha taslimu na yuko tayari kununua kahawa ya msimu ujao ingali maua, kwa bei yake. Sote tunaujua mtego huo kwa jina la butura. Wa tatu anatamani kipande cha kibanja kilicho karibu na barabara.

Baba akiuza mwezi huo, atauza kwa bei ya mtu mwenye hofu. Oktoba jina la binti likitoka, na mkopo ukagusa ada na chakula, kibanja hakirudi. Jina lisipotoka katika awamu ya kwanza, bado kuna awamu zinazofuata, na baada yake kuna dirisha la rufaa ambalo mwombaji anaweza kuleta vielelezo alivyokosa mwanzoni. Kwa hiyo uamuzi wa kuuza ardhi unafanywa wakati ambapo jibu halijapatikana bado.

Hapa kamati inaweza kusaidia bila kuwa na fedha nyingi. Wanakamati wawili waikalie familia na kuhesabu pamoja kwa kalamu na karatasi. Ni nini kinachohitajika siku ya kwanza, na ni nini kinachoweza kungoja? Nauli ya kutoka Kayanga mpaka chuoni, godoro, na chakula cha majuma ya mwanzo ni vya siku ya kwanza. Kwa kipimo cha Bodi cha shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi ya siku 30 ni shilingi 300,000. Kiasi hicho si kidogo kwa mkulima, lakini si bei ya kibanja. Ada yote ya mwaka ni jambo la kuzungumza na chuo, na vyuo vingi vina utaratibu wa kulipa kwa awamu. Mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, tunaufahamu sote. Unaihusu familia hii moja kwa moja.

Tusiwape watu matumaini yasiyo na msingi pia. Si kila mwombaji hupata, na anayepata huenda asipate asilimia zote. Vilevile mkopo si zawadi. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize deni. Kijana aelezwe hayo kabla ya kusaini, na mdhamini vilevile ajue anasaini nini.

5. Neno kwa wafadhili wetu

Baadhi ya marafiki wetu, wa hapa nchini na wa nje, hutuandikia hivi: "Tutumieni barua ya chuo, ndipo tutume mchango." Tunaelewa sababu yake. Hakuna anayetaka fedha ya sadaka ipotee. Huenda pia mazoea ya nchi zao yanachangia. Kule Marekani, kwa mfano, familia hujaza fomu ya serikali iitwayo FAFSA, na vyuo vingi humweleza kijana aliyekubaliwa kiasi cha msaada atakachopata kabla hajaamua aende chuo gani. Hata huko karatasi zikikwama watu huumia. Fomu ya mwaka wa masomo 2024/25, ambayo kwa kawaida ingefunguliwa Oktoba, ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023. Taarifa zikachelewa kuvifikia vyuo, na vyuo vingi vikalazimika kusogeza mbele tarehe ya Mei 1 ambayo wanafunzi huitumia kuthibitisha nafasi zao. Familia zilikaa miezi kadhaa bila kujua zitaweza kulipa au la.

Kwetu hali hiyo ya kutojua si ajali ya mwaka mmoja, kwa kuwa ndivyo kalenda ilivyo. Kwa sababu hiyo tunawaomba wafadhili mambo mawili. La kwanza, sehemu ndogo ya mchango itolewe mapema, kati ya Januari na Juni, kwa ajili ya vyeti, uhakiki, ada ya maombi na nauli za kufuatilia. Ada ya kuomba mkopo imekuwa shilingi 30,000, na pamoja na gharama nyingine familia nyingi hukwama hapo hapo mwanzoni. Fedha hiyo ndogo ikitangulia inaweza kufungua mlango wa mkopo mkubwa wa miaka mitatu au minne. La pili, kila mliyemlipia ada ya sekondari mwandikieni barua ya uthibitisho anapomaliza, msingoje aiombe. Karatasi hiyo moja inaweza kumsaidia kuliko muhula mmoja wa ada.

6. Kalenda ya kamati

Januari hadi Machi: Kamati iandike majina ya vijana wote wa usharika walio kidato cha tatu hadi cha sita, pamoja na walio vyuo vya stashahada. Kila mmoja aulizwe kama ana cheti cha kuzaliwa, na majina yake yalinganishwe kwenye karatasi zote.

Aprili hadi Mei: Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vipelekwe kwenye uhakiki. Barua za ufadhili ziandikwe. Mdhamini achaguliwe. Kwa wengi kahawa huanza kuvunwa wakati huu, hivyo wazazi wakumbushwe kutenga fedha ya karatasi kabla ya matumizi mengine.

Juni hadi Agosti: Mwongozo mpya wa Bodi usomwe mara unapotoka, kwa maana masharti na tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Maombi yaingizwe katika majuma ya mwanzo. Kijana atumie namba yake ya simu na nywila yake, asiache siri hizo kwa mwenye steshenari, kwa sababu atazihitaji kuangalia majibu katika akaunti yake iitwayo SIPA. Atunze nakala ya kila alichotuma.

Septemba hadi Novemba: Kamati izitembelee familia zinazosubiri. Orodha za kila awamu zifuatiliwe, na wasiopata wasaidiwe kuandaa rufaa.

7. Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika usharika wetu, kitabu cha ubatizo cha zamani zaidi kiko wapi, na nani ana ufunguo wake?

2. Kuna vijana wangapi wa kidato cha nne na cha sita mwaka huu? Wangapi kati yao wana cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa?

3. Ni yatima gani katika mitaa yetu ambao vifo vya wazazi wao havijasajiliwa? Nani ataenda na familia kwa mtendaji wa kijiji?

4. Je, mwaka jana kuna familia iliyouza kibanja au kahawa kwa butura ili kumpeleka mtoto chuo kabla ya orodha za mkopo kutoka? Tungefanya nini ili mwaka huu isitokee?

5. Tunaweza kutenga kiasi gani katika mfuko wa elimu kwa ajili ya nauli na majuma ya kwanza?

Tunaomba kila kamati itume majibu ya swali la pili na la tatu katika ofisi yetu Lukajange kupitia kwa mchungaji wa usharika kabla ya mwisho wa Machi. Majina ya vijana yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.